Pesa iko njiani? Basi iache ifike kwanza

Hebu fungua simu yako sasa hivi uhesabu ni mara ngapi mwezi huu umeandika maneno haya: "Nitakutumia ikiingia." Kwa mwenye nyumba. Kwa mama wa kibanda. Kwa rafiki aliyekuokoa Jumamosi. Mimi nilihesabu za mwezi mmoja tu wa mwaka jana, nikafika kumi na saba nikaona aibu, nikaacha.

"Ikiingia" ndilo neno ghali zaidi katika maisha ya kijana wa mjini. Tunakula juu yake, tunahama nyumba juu yake, tunawaahidi wazazi juu yake. Na kabla hujasema haya ni mambo ya vijana wasiojua kupanga maisha, nataka nikuonyeshe kwamba serikali yako, yenye wachumi waliosoma hadi wakachoka, inaishi vivyo hivyo. Tena deni lake na deni lako ni ndugu wa karibu kuliko unavyofikiri.

Nianze na mimi mwenyewe, usije ukadhani ninakuhubiria.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo naishi kwa vibarua vya mtandaoni: kuandika, kutengeneza mabango, kusimamia kurasa za biashara za watu. Mwaka jana nikaangukia kazi nono. Kampuni ndogo ya kuandaa hafla ilikuwa imepata zabuni ya ofisi moja ya kaunti, nayo ikanipa mimi sehemu ya maandishi na michoro. Wiki tatu, Sh45,000. Malipo mwisho wa mwezi, "bila shaka yoyote".

Si unajua Sh45,000 hufanya nini kichwani mwa mtu aliyezoea kulipwa Sh800 kwa bango? Kabla sijamaliza kazi nilikuwa nimeshaigawa yote. Nikahama kutoka keja ya Sh7,000 hadi nyumba ya Sh14,000, yenye chumba cha kulala na intaneti isiyokatika kila mvua ikinyesha. Kodi na amana, Sh28,000. Akiba yangu ilikuwa Sh11,000. Apu moja ya mikopo ikanipa Sh10,000 nirudishe Sh11,500 baada ya siku 30. Zile Sh7,000 zilizobaki nikamwomba rafiki yangu, nitamwita Kevo, ambaye bado yuko chuoni. Alinipa pesa ya karo. Nikamwambia, "Kaka, tarehe moja unazo." Juu ya hayo nikachukua simu nzuri ya kulipia polepole, Sh110 kila siku.

Ukiangalia vizuri, hakuna shilingi hata moja hapo iliyoenda kwa starehe. Nyumba ilikuwa ya kufanyia kazi, simu ilikuwa ya kazi. Ndiyo maana sikuona hatari. Tumefundishwa kwamba anayeingia taabani ni yule aliyenunua viatu na pombe. Mimi nilikuwa ninawekeza, bana.

Mwisho wa mwezi ukafika. Kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa kaunti bado haijalipa. Wiki ya pili, ofisa wa kutia saini yuko semina. Wiki ya tano, pesa kutoka Nairobi hazijatumwa kaunti. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Siku ya 30 nikalipa apu ya kwanza kwa kukopa apu ya pili. Siku niliposhindwa kulipia simu, ikajifunga. Hebu fikiria: chombo cha kunitafutia pesa kimefungwa kwa sababu sina pesa. Mteja mwingine alinitafuta wiki hiyo, hakunipata, akampa kazi mtu mwingine.

Pesa iliingia wiki ya kumi na moja. Si Sh45,000. Yule mwenye kampuni alisema naye amekatwa, tumalizane na Sh30,000. Nikakubali, ningefanya nini? Apu ya pili ikachukua Sh14,600. Kodi ya mwezi niliyokuwa nadaiwa, Sh14,000. Nikabaki na Sh1,400 mkononi, na Kevo akinidai Sh7,000. Wakati huo mitihani ilikuwa imepita. Hakuruhusiwa kuifanya kwa sababu hakuwa amemaliza karo.

Mimi niliyeacha chuo nikamzuia mwenzangu kufanya mtihani. Na sikuwa nimempokonya kitu, nilimpa tu tarehe ambayo haikuwa yangu kuitoa.

Deni lina tarehe, ahadi haina

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa nataka ulishike. Shida ya kutumia pesa kabla haijaja siyo kwamba huenda isije. Mara nyingi huja. Shida ni kwamba unachukua deni lenye tarehe kamili na kuliegemeza kwa ahadi isiyokuwa na tarehe. Lile pengo katikati ndilo linalokumaliza, hata kama mwishowe pesa itafika.

Tazama jinsi madeni yetu yalivyotengenezwa. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, haikungoji uamue kulipa: pesa yoyote ikiingia kwa M-Pesa inajikata yenyewe kwanza. Na kila siku inayopita bila kulipa, ada inaongezeka. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, inakupa siku 14 kurudisha mkopo wa kibinafsi. Apu zinakupa wiki moja, wiki mbili, mwezi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilipiga marufuku wakopeshaji wa mtandaoni kukutukana au kuwapigia simu watu walio kwenye orodha yako ya namba, na hilo ni jema. Lakini tarehe haikuondoka. Deni la kisasa linajua siku, linajua saa, na linajua simu yako iko wapi.

Sasa geukia upande wa pili, upande wa pesa unayotarajia. Mteja ambaye "anashughulikia". Mkopo wa chuo unaongoja Wizara ya Fedha itoe pesa. Mshahara wa kibarua ambao "HR ameuweka mezani". Nani kati yao amekupa tarehe unayoweza kumdai nayo, pamoja na faini akichelewa? Hakuna. Wewe ukichelewa siku moja unatozwa. Wao wakichelewa miezi mitatu unaambiwa uwe mvumilivu.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi ningeongeza kwamba siku hizi harusi na matanga viko kwenye simu moja.

Bajeti ya nchi nayo iko "njiani"

Turudi Juni 2024. Wengi wetu tunaukumbuka mwezi huo kwa jambo zito zaidi ya hesabu. Kuna wenzetu waliotoka nyumbani asubuhi ya tarehe 25 na hawakurudi. Lakini ndani ya yale yote kulikuwa pia na somo la pesa. Bajeti ya mwaka wa 2024/25 ilipangwa ikitarajia kwamba Mswada wa Fedha ungeleta takriban Sh346 bilioni za ziada. Matumizi yakaandikwa, idara zikatengewa mafungu yao. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Mwaka mpya wa fedha ulikuwa unaanza Julai 1, siku tano tu mbele. Julai 5 akaeleza jinsi pengo lingezibwa: karibu Sh177 bilioni zipunguzwe kwenye matumizi, na karibu Sh169 bilioni zikopwe.

Isome hiyo polepole kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Nusu tujinyime, nusu tukope. Si ndivyo sisi hufanya mteja akinyamaza?

Kuna watakaosema kosa lilikuwa la waliokataa mswada. Mimi sioni hivyo. Pesa ile haikuwa ya serikali bado. Ilikuwa mifukoni mwa watu ambao hawakuwa wamekubali kuitoa. Ukipanga karamu kwa kuku wa jirani, usimlaumu jirani akikataa kufungua banda.

Halafu njoo kwa barabara. Julai 2024 ada ya kukarabati barabara inayotozwa kwenye mafuta ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Ile Sh7 ya juu ndiyo serikali iliamua kuiuza mapema: wawekezaji watoe pesa leo, nao walipwe kwa Sh7 hizo kadiri wewe na mimi tunavyoendelea kununua mafuta. Lengo lilikuwa kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi wa barabara. Kuwa wa haki: hoja ya serikali si ya kipuuzi. Wanakandarasi walikuwa wamengoja miaka, mitambo imeegeshwa, barabara zimeachwa nusu, na riba ya kuchelewa inapanda. Kwa mtu anayedai, pesa ya leo ni bora.

Lakini elewa kilichofanyika. Utakapopanda matatu miaka michache ijayo, sehemu ya nauli yako itakuwa inalipia lami iliyomwagwa zamani. Barabara ya wakati huo ikipata mashimo, Sh7 zake zitakuwa na mwenyewe tayari.

Desemba 2025 likaja kubwa zaidi. Serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom kwa Sh34 kila hisa, jumla ya takriban Sh204 bilioni. Mjadala mwingi ulikuwa kuhusu bei ya hisa. Mimi jicho langu liliangukia kipengele kidogo pembeni: serikali pia ilikubali kupokea takriban Sh40 bilioni mapema, badala ya mgao wa faida wa Sh55.7 bilioni ambao ingepokea baadaye kutokana na hisa zitakazobaki mikononi mwake. Yaani mgao ambao haujatangazwa, wa faida ambayo haijapatikana, umepigiwa bei. Tofauti ya Sh15 bilioni na ushei ndiyo gharama ya kutoweza kungoja. Mtu anayechukua Sh10,000 kwa apu na kurudisha Sh11,500 anaijua hesabu hiyo vizuri sana, ila kwake sifuri ni chache.

Usinielewe vibaya. Kuuza mapato ya kesho si wizi, na mara nyingine ni busara. Kinachofaa kuulizwa ni kimoja: pesa hiyo ya mapema inazaa nini kabla ya kesho kufika? Ikijenga kitu kitakacholeta pesa zaidi ya ile uliyopoteza, sawa. Ikiziba shimo la jana, basi kesho utakuja na mkono mtupu, na shimo jipya litakuwa linakungoja.

Mlolongo unaoishia kwa Kevo

Sasa utaniuliza, mambo ya mabilioni yananihusu nini mimi ninayetafuta kodi ya Sh7,000? Yanakuhusu kwa njia moja rahisi sana.

Serikali ikitumia pesa ambayo haijakusanya, kuna mtu lazima angojee. Benki haziwezi kungojeshwa. Deni la taifa lina tarehe, na nchi ikikosa kulipa dunia nzima itajua. Mishahara ya wakubwa haingojeshwi. Anayengojeshwa ni yule ambaye hana faini ya kutoza: mtu aliyeuzia ofisi viti, aliyepika chakula cha semina, aliyechapisha vitabu. Bili za serikali kuu ambazo hazijalipwa zimepita Sh500 bilioni. Kaunti nazo zinadaiwa zaidi ya Sh150 bilioni. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kukagua madeni ya serikali ya kuanzia 2005 hadi 2022. Mtu aliyeuza bidhaa 2005! Kuna msomaji wa ukurasa huu ambaye hakuwa amezaliwa.

Linganisha: serikali ikikukopesha kupitia Hazina ya Hustler, una siku 14. Wewe ukiikopesha serikali kwa kuiuzia kitu, huenda mtoto wako akamaliza shule ya upili kwanza.

Na yule aliyeuza viti hangoji peke yake. Amemngojesha fundi. Fundi amemngojesha kijana aliyembebea mbao. Katika kisa changu, Nairobi iliingojesha kaunti, kaunti ikaingojesha kampuni, kampuni ikaningojesha mimi, nami nikamngojesha Kevo. Kevo hakuwa na mtu wa kumngojesha. Chuo kilikuwa na tarehe ya mtihani. Hapo ndipo mlolongo wote ulipoangukia, kwa mtu ambaye hakuwa na zabuni, hakutia saini popote, na kosa lake lilikuwa kuniamini.

Ndiyo maana sipendi mawaidha yanayosema vijana tuna tamaa. Tamaa ipo, hata mimi ninayo. Lakini ukiwa mwisho wa mlolongo, unalipia pia pupa ya watu ambao hutawahi kukutana nao.

Sasa tufanye nini?

Najua jibu la haraka: "Usitumie pesa ambayo huna." Sawa, mzee, lakini mwenye nyumba halijui jibu hilo. Hakuna anayeishi bila kutarajia. Mkulima hukopa mbolea akitarajia mavuno. Muuza duka huchukua mkate asubuhi alipe jioni. Ila hata wao huumia. Wakulima wa majani chai wa Kericho na Bomet wanaijua: bonasi ya 2025 ilipotangazwa ilikuwa chini kuliko ya mwaka uliotangulia, na aliyekuwa amekopa akitazama ya zamani alibaki na deni la zamani na bonasi mpya. Kwa hivyo kuchelewa si hatari pekee. Pesa inaweza kuja kwa wakati na bado iwe imekonda.

Haya ndiyo ninayofanya tangu mwaka jana. Si sheria za benki, ni za mtu aliyeungua.

Kwanza, ninauliza anayenilipa analipwa na nani. Swali hilo moja lingeniokoa. Mteja akisema "na mimi nangoja mahali", basi mimi sidai kwake, nadai kwa yule anayemngojesha, na yeye hata hanijui. Pesa iliyo mikono mitatu kutoka kwangu siihesabu kabisa mpaka iingie.

Pili, ninadai malipo ya awali. Nusu kabla sijaanza. Wengine wananikimbia, na waende. Mteja asiyeweza kutoa nusu leo, kwa nini niamini ataweza kutoa yote mwezi ujao? Ile nusu nyingine ninaiandika kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi. Haitafanya alipe haraka kila mara, lakini sasa ahadi yake nayo ina tarehe, kama deni langu.

Tatu, mkopo wenye tarehe haupandi mgongoni mwa kazi isiyo na tarehe. Nikilazimika kukopa, nakopa kiasi ambacho ninaweza kulipa hata kama ile kazi kubwa itayeyuka yote. Mara nyingi kiasi hicho ni sifuri, na hilo nalo ni jibu.

Nne, na hii ndiyo ngumu: sikopi tena pesa yenye kazi yake. Karo ya mtu, dawa ya mtu, kodi ya mtu. Hata akinipa kwa moyo mweupe. Pesa hiyo haina nafasi ya kungoja, kwa hivyo mimi sina haki ya kuingojesha.

Na kwa wanaotuongoza, vijana tuna haki ya kuwauliza maswali hayo hayo. Kila Juni bajeti ikisomwa, usisikilize matumizi peke yake. Uliza pesa hiyo inatarajiwa kutoka wapi, na nani atangojeshwa isipokuja. Ikitangazwa kwamba mapato ya kesho yameuzwa, uliza kesho tutakula nini. Maswali hayo hayahitaji digrii. Mimi sina, na ninayauliza.

Mamangu, ambaye ameuza mboga sokoni maisha yake yote, ana msemo wake: pesa yako ni ile iliyolala kwako. Zamani nilidhani ni ushamba. Siku hizi mtu akinitumia ujumbe kwamba malipo yako njiani, ninamjibu "asante", naweka simu chini, na napika sukuma ile ile ya jana.

Kevo nilimaliza kumlipa baada ya miezi minne, Sh500 hapa, Sh1,000 pale. Mtihani aliurudia mwaka uliofuata, akapita. Bado tunasalimiana vizuri. Ila juzi nilipomwomba Sh200 ya nauli, aliangalia simu yake kidogo, akaniambia taratibu, "Kaka, yangu pia iko njiani."